Kati ya “have” na “had”: mahali anaposimama msemaji

Mtu anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza huandika, mapema au baadaye, sentensi kama hii: “When I arrived, I found that they have left.” Ukimuuliza alikusudia nini, atakujibu bila kusita kwamba alipofika aliwakuta wameondoka. Jibu lake la Kiswahili halina kasoro yoyote. Sentensi yake ya Kiingereza, hata hivyo, ina neno moja lisilostahili kuwapo, nalo ni “have”, ambalo lilipaswa kuwa “had”. Kosa hili halitokani na uzembe wala na uhaba wa msamiati. Linatokana na tofauti halisi ya namna lugha hizi mbili zinavyokifunga kitendo kilichokamilika kwenye wakati, na mwandishi asiyeiona tofauti hiyo huendelea kulirudia hata baada ya kuzikariri kanuni zote za darasani.

Maumbo yenyewe ni mepesi. Wakati uliopo timilifu, ambao vitabu vya sarufi ya Kiingereza huuita “present perfect”, huundwa kwa “have” au “has” na umbo la tatu la kitenzi: “I have written”, “she has gone”. Wakati uliopita timilifu, yaani “past perfect”, huundwa kwa “had” na umbo lilelile la tatu, na “had” hiyo haibadiliki hata nafsi ikibadilika. Tatizo dogo la umbo hutokea katika mkato, kwa kuwa “I'd” inaweza kusimamia “I had” au “I would”, lakini neno linalofuata huondoa shaka: “I'd gone” ni “had”, ilhali “I'd go” ni “would”. Na msomaji akikutana na “had had” asidhani kuwa mchapaji amerudia neno, kwa sababu “had” ya kwanza ni kitenzi kisaidizi na ya pili ni umbo la tatu la kitenzi kinachomaanisha kuwa na kitu au kupata kitu.

Ugumu uko kwenye uchaguzi. Kanuni inayofundishwa mara nyingi husema kwamba matukio mawili yakiwa yametokea zamani, lile lililotangulia huwekwa katika wakati uliopita timilifu. Kanuni hiyo si ya uongo, ila ni nusu ya kweli, na nusu inayokosekana ndiyo inayowapoteza wanafunzi. Tazama sentensi hii: “I woke up, washed and left.” Kuamka kulitangulia kunawa, na kunawa kukatangulia kuondoka, lakini hakuna “had” hata moja, wala haihitajiki. Kwa Kiswahili tungesema “niliamka, nikanawa, nikaondoka”, na kiambishi -ka- kingebeba kazi ya kuyapanga matukio kwa zamu. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, hivyo huyaweka matukio yote katika wakati uliopita wa kawaida na kuuachia mpangilio wa maneno kazi ya kuonyesha kipi kilifuata kipi. Tukio kuwa la zamani kuliko jingine, basi, si sababu ya kutosha ya kutumia “had”.

Sababu ya kutosha ni ipi? Maelezo yaliyo wazi zaidi kwa maoni yangu ni yale ya mwanafalsafa Mjerumani Hans Reichenbach, aliyependekeza mwaka 1947 kwamba njeo za vitenzi, yaani nyakati zinazoonyeshwa na maumbo yake, zisipimwe kwa nukta mbili bali kwa tatu. Nukta ya kwanza ni wakati wa kusema. Ya pili ni wakati wa tukio. Ya tatu, ambayo ndiyo ufunguo wa jambo lote, ni wakati ambao msemaji anasimama kwa fikra ili alitazame tukio. Katika wakati uliopita wa kawaida, msemaji husimama palepale tukio lilipotokea na kulitazama kwa karibu. Katika wakati uliopo timilifu husimama leo, saa hii anayosema, na kulitazama tukio lililo nyuma yake. Katika wakati uliopita timilifu huhamia kwanza mahali fulani huko nyuma, kisha kutoka hapo hutazama nyuma zaidi. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuchagua kati ya “have” na “had” halihusu umri wa tukio. Linahusu mahali uliposimama unapolitazama.

Tukio moja linalojulikana linaweza kuonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1993, habari ilipotangazwa, mwandishi wa gazeti angeweza kuandika: “Nelson Mandela has won the Nobel Peace Prize.” Alisimama siku yake na kutoa habari ya siku yake. Mwanahistoria wa leo ataandika: “Nelson Mandela won the Nobel Peace Prize in 1993.” Ameutaja mwaka, amekwenda kusimama ndani ya mwaka huo, na “has” haina nafasi tena. Mwandishi wa tatu, anayesimulia siku ya kuapishwa kwa rais mpya wa Afrika Kusini, ataandika: “When Nelson Mandela became president in 1994, he had already won the Nobel Peace Prize.” Tuzo ni ileile na mwaka wake haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali waandishi hao watatu waliposimama: mmoja kwenye siku ya habari, mmoja ndani ya mwaka 1993, na mmoja kwenye mwaka 1994 akiwa amegeuza uso nyuma.

Mfano huo una funzo jingine ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Mandela alifariki mwaka 2013, na tangu hapo sentensi “Mandela has won the Nobel Peace Prize” husikika vibaya masikioni mwa wenye lugha yao, ijapokuwa hakuna aliyemnyang'anya tuzo. Wakati uliopo timilifu hudai kwamba mhusika bado yupo ndani ya wakati wa msemaji, kana kwamba angeweza kushinda nyingine. Hata hivyo “Mandela has inspired millions of people” inakubalika, kwa sababu watu wanaendelea kuhamasishwa naye mpaka leo. Kinachopimwa ni kama jambo linaugusa wakati wa sasa, wala si kama mtu yu hai au amekufa.

Hapa ndipo inapoeleweka marufuku maarufu ya Kiingereza dhidi ya kuuchanganya wakati uliopo timilifu na tarehe au saa iliyokwisha. “I have seen him yesterday” ni kosa kwa sababu neno “have” linamsimamisha msemaji leo huku neno “yesterday” likimvuta arudi jana, na hawezi kusimama mahali pawili. Maneno yanayopatana na “have” ni yale ambayo kipindi chake bado hakijafungwa, kama vile “today”, “this week”, “so far”, “ever” na “yet”. Mtu anaweza kusema “I have written three letters this morning” asubuhi ikiwa bado haijaisha, lakini jioni atalazimika kusema “I wrote three letters this morning”, ingawa barua ni zilezile tatu. Wakati uliopita timilifu hauna marufuku hiyo. “By Friday I knew that she had left on Monday” ni sentensi nzuri kabisa, kwa kuwa msemaji amesimama Ijumaa na Jumatatu iko nyuma yake kama inavyotakiwa. Si lugha zote zenye ukali huu, kwani Kifaransa na Kijerumani huruhusu umbo linalofanana na “have” litumike pamoja na neno la jana. Hata ndani ya Kiingereza chenyewe Wamarekani ni walegevu kuliko Waingereza: Mmarekani huuliza kwa urahisi “Did you eat yet?” mahali ambapo Mwingereza angependelea “Have you eaten yet?” Katika matumizi ya “had”, hata hivyo, tofauti kati yao ni ndogo sana.

Historia ya neno lenyewe inasaidia kueleza ukali huo. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilikuwa cha kumiliki, na muundo wake ulikuwa karibu na kusema kwamba mtu anayo barua ikiwa imeandikwa. Umiliki huo ulikuwa wa sasa. Maana ya kumiliki ilififia kadiri karne zilivyopita, lakini usasa ulibaki, na ndiyo maana “have” hata leo haiachi kumfunga msemaji kwenye saa anayosema.

Kiambishi chetu -me- hakina kamba hiyo. Chenyewe husema tu kwamba kitendo kimekamilika na matokeo yake yapo. Wakati ambao matokeo hayo yapo huamuliwa na kitenzi kilichotangulia. “Amefika” likisimama peke yake linahusu sasa. “Nilimkuta amefika” linahusu jana au juzi. “Utamkuta amefika” linahusu kesho. Kiambishi hakikubadilika hata mara moja, kwa sababu husafiri pamoja na kitenzi kikuu popote kinapokwenda. Kiingereza hakiruhusu safari hiyo bila kubadilisha kitenzi kisaidizi: sentensi ya kwanza itahitaji “has arrived”, na ya pili itahitaji “had arrived”. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea -me- inayojiendesha yenyewe, huitafsiri kwa “have” kila anapokutana nayo, na hivyo ndivyo tunavyopata “I found that they have left”.

Kiswahili kina umbo linalolingana kwa karibu na “had”, nalo ni “alikuwa ame-”, kama katika “alikuwa amefika”. Tungekuwa tunalitumia kila mara, kosa lisingetokea. Lakini baada ya vitenzi kama kukuta, kuona, kusikia, kujua na kusema, huwa tunaliacha “alikuwa” kwa sababu halihitajiki, na hasa hapo ndipo kosa linapotaga mayai. Kutokana na hali hiyo tunaweza kujitengenezea kipimo ambacho hakimo katika vitabu vya Kiingereza, kwa kuwa kinategemea sikio la Kiswahili. Ukitaka kuandika kwa Kiingereza sentensi yenye -me-, jaribu kwanza kuingiza “alikuwa” au “walikuwa” mbele ya kitenzi hicho. Maana isipobadilika, Kiingereza kinataka “had”. Ikibadilika, kinataka “have”. “Nilikuta wameondoka” na “nilikuta walikuwa wameondoka” ni mamoja, basi andika “they had left”. “Nimesikia wameondoka” na “nimesikia walikuwa wameondoka” si mamoja, kwa maana ile ya pili inamfanya msikilizaji aulize walikuwa wameondoka lini au kabla ya jambo gani. Basi andika “I have heard that they have left”.

Kipimo hicho kina tundu moja, na ni vizuri kuliziba kabla halijamwangusha mtu. Si kila -me- inaeleza kitendo kilichokamilika. Kwa vitenzi vingi -me- huonyesha hali ambayo mtu yumo: amelala, amesimama, amekaa, amevaa, amechoka, ameoa. Mtu aliyelala hajamaliza kulala, na aliyesimama hajamaliza kusimama. Kiingereza huzieleza hali hizo kwa kitenzi cha kuwa, si kwa kitenzi cha kumiliki, hivyo “amelala” ni “he is asleep”, “amesimama” ni “he is standing”, “amevaa” ni “he is wearing”, na “ameoa” ni “he is married”. Zikihamishiwa zamani, “is” hugeuka kuwa “was”: “nilimkuta amelala” ni “I found that he was asleep”. Anayeandika “he had slept” amesema jambo jingine kabisa, kwamba usingizi ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kati ya “have” na “had”, jiulize kwanza kama unahitaji mojawapo.

Kukanusha nako kuna mtego wake. Kiambishi -ja- katika “hajafika” hubeba ndani yake maana ambayo Kiingereza huitolea neno la pekee, “yet”: “he has not arrived yet”. “Nilipopiga simu alikuwa hajafika” itakuwa “When I called, he had not arrived yet”, na hapa kipimo cha “alikuwa” kinafanya kazi bila taabu. Taabu huanza na “kabla hajafika”. Kwa Kiswahili ukanushi huo ni wa lazima kwa wengi wetu, kwa kuwa kabla ya kufika mtu anakuwa hajafika. Kiingereza, kwa mantiki yake, hakikanushi chochote baada ya “before”, bali husema “before he arrived” au “before he had arrived”. Sentensi “before he has not arrived” haieleweki kwa Mwingereza hata akijitahidi.

Usemi wa taarifa unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiko “had” inakotumika sana katika ripoti, kumbukumbu za mikutano na habari za magazeti. Mtu akisema “I have finished”, nasi tukayaripoti maneno yake baadaye, Kiingereza hututaka tuseme “She said that she had finished”. Akisema “I finished on Monday”, tunaweza kuripoti vilevile kwa “She said that she had finished on Monday”. Nyakati mbili za usemi halisi huingia katika umbo moja la usemi wa taarifa, na ndiyo maana “had” huonekana mara nyingi kuliko tunavyotarajia. Kiswahili hakirudishi nyuma njeo kwa namna hii, kwani “alisema amemaliza” inatosha na hakuna anayelalamika. Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba Kiingereza nacho huruhusu “have” ibaki ikiwa jambo lililosemwa bado ni kweli, kama katika “He told me that he has changed his number”, ambapo namba mpya ingali inatumika. Ruhusa hiyo ipo, lakini katika maandishi rasmi ningeitumia kwa uangalifu na pale tu ambapo uhalisi wa sasa ndio hoja yenyewe, kwa sababu anayeandika “had” katika usemi wa taarifa hakosei, ilhali anayeandika “has” anabeba dhamana ya kuthibitisha kwamba jambo bado liko vile.

Upo pia ugonjwa wa upande wa pili, wa kuitumia “had” kupita kiasi, nao huwapata wanafunzi wenye bidii. Baada ya “after” na “before” mpangilio wa matukio tayari uko wazi, hivyo “After he left, I locked the door” ni sahihi sawa na “After he had left, I locked the door”. Neno “when” ndilo lisilotaka mzaha. “When I arrived, they left” humaanisha kwamba kufika kwangu kuliwafanya waondoke, au walau walitoka mara tu nilipoingia; “When I arrived, they had left” humaanisha kwamba sikuwakuta. Herufi chache zinatenganisha watu walionikimbia na watu niliowakosa. Vivyo hivyo katika usimulizi, si lazima kila kitenzi cha masimulizi ya nyuma kibebe “had”. Mwandishi mzoefu huiweka mara moja au mbili ili msomaji ajue kwamba tumerudi nyuma, kisha huendelea na wakati uliopita wa kawaida hadi habari hiyo iishe, na kuirudisha “had” ikiwa tu kuna hatari ya msomaji kupotea. Aya yenye “had” kumi na mbili si aya yenye usahihi mara kumi na mbili.

Kuna mahali “had” haihusiani na mfuatano wa matukio hata kidogo. “If I had known, I would have come” haisemi kwamba kujua kulitangulia kuja. Inasema kwamba sikujua na sikuja. Hiyo ni kazi ambayo Kiswahili huipa -ngali-: “ningalijua, ningalikuja”. “I wish I had listened” ni majuto ya aina hiyohiyo. “I had hoped to see you” nayo hueleza tumaini ambalo halikutimia, wakati “I have hoped to see you” huacha mlango wazi.

Maneno ya muda nayo yaguswe kidogo. Kwa Kiswahili tunasema “ninafanya kazi hapa tangu 2015”, kwa kitenzi cha wakati uliopo. Kiingereza kinakataa “I am working here since 2015” na kudai “I have been working here since 2015”. Ukisimama siku ya kuacha kazi hiyo na kutazama nyuma, sentensi inageuka kuwa “When I resigned, I had been working there for ten years”. Na jozi inayonyoosha mambo kuliko zote ni hii: “This is the first time I have seen it” na “It was the first time I had seen it”. Penye “is” pana “have”, penye “was” pana “had”, na hakuna tukio la pili la kulinganisha nalo.

Tuone jinsi yote haya yanavyokaa katika maandishi ya kawaida ya kazini. Chukua ujumbe huu: “I have read the report. When I opened it on Monday, someone had already changed the figures, and I have not found out who.” Mwandishi anaanza akiwa amesimama leo, kwa kuwa anataka mwenzake ajue kwamba ripoti tayari ameisoma, hivyo “have read”. Kisha anaitaja Jumatatu na kwenda kusimama humo, hivyo “opened”. Akiwa Jumatatu anageuza uso nyuma na kuona kwamba takwimu zilikuwa zimebadilishwa kabla hajafungua, hivyo “had changed”. Angeandika “has changed”, msomaji angebaki akijiuliza kama mabadiliko hayo yalifanyika kabla ya Jumatatu au asubuhi ya leo. Mwishoni anarudi leo, ambako swali la nani aliyezibadilisha bado halijapata jibu, hivyo “have not found out”: sijamjua mpaka sasa.